Habari za Mheshimiwa Pazia na Kitufe cha Kijani, Siku Bunge Lilipovunjwa

Kidole kilikuwa kimekwisha kunyanyuliwa. Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kuume, safi, kimekatwa ukucha vizuri, nacho kilining'inia juu ya kitufe cha kijani kama mwewe anayemtazama kifaranga. Kikashuka, kikabonyeza, kikanyanyuka, kikabonyeza tena, kisha kikarudi mapajani kwa mwenyewe kupumzika. Taa ndogo iliyo kando ya kitufe ikawaka. Halafu ikazimika.

Sogeeni basi, ninyi mlioko barazani na ninyi mlioko jikoni. Punguzeni moto chini ya sufuria, mwambieni anayebisha mlangoni angoje kidogo, kwa maana nawaletea habari ya vita ambavyo havikumwaga damu wala kuvunja hata kikombe, lakini vilimtoa jasho mtu mzima mwenye suti. Nawe unisaidie, ewe Kumbukumbu Rasmi, uketiye chini ya meza ya Spika ukiandika kila neno litamkwalo, hata makofi, hata kicheko, hata kengele. Nipe kumbukumbu yako isiyosahau wala kuchagua, nisimwongezee shujaa alichokosa wala nisimpunguzie alichopata.

Shujaa wetu alikuwa mbunge, wa mstari wa nyuma, kiti cha karibu na dirisha. Kabla ya siasa alikuwa mpima ardhi, mtu wa kusubiri kamba inyooke ndipo apigilie kigingi. Ngao yake ilikuwa faili la plastiki. Upanga wake, karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Deraya yake, vazi lake la vita, suti ya rangi ya majivu iliyoshonwa na shangazi yake. Na tangu siku alipoapa mpaka asubuhi ile ya mwisho, alikuwa hajasema neno hata moja ndani ya ukumbi ule. Hakuwa amekosa nia. Kila wiki aliomba nafasi, kila wiki taa iliwaka ikazimika, kila wiki Spika alimwita mtu mwingine. Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, alijiambia kwamba Spika ana sababu zake, na akangoja.

Sasa, Bunge ni kiumbe anayezaliwa akiwa ameshika cheti chake cha kifo mkononi. Ziko nchi zinazompa miaka mitatu, akaondoka duniani kabla hajajua vyoo viko upande gani. Ziko zinazompa minne. Ziko, kama ile ya shujaa wetu, zinazompa mitano. Na ziko ambako mkuu wa serikali akiamka na moyo mweupe, akasikia wapinzani wake wana mafua, hulivunja Bunge asubuhi hiyo hiyo kabla ya chai, aende kwenye uchaguzi wakati wenzake bado wanapiga chafya. Sisemi ipi ni bora. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na ninachoona ni kwamba muda huo huo ni mfupi kwa anayejenga na mrefu sana kwa anayesinzia, na hakuna Katiba iliyopata dawa ya hilo.

La kwetu lilikuwa limeandikiwa siku yake, na siku yenyewe ndiyo hii ninayoisimulia. Ikifika saa kumi na mbili jioni, siwa ya dhahabu, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, ingebebwa nje, kila mheshimiwa angegeuka kuwa mtu tu kama watu wengine, na kila hoja ambayo haikukamilika ingefia pale pale mezani bila mtu wa kuizika.

Hata ulipofika wakati wa mapumziko ya mchana, shujaa akatoka ukumbini akasimama kwenye korido, kati ya mashine ya kurudufu na ndoo ya maji machafu, akampigia simu shangazi yake. Huyu shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa mshonaji nguo, mwenye cherehani katika chumba cha mbele na redio juu ya rafu ya nyuzi, na hakuna mwanamke katika jimbo lile ambaye hakupata kusimama mbele yake akapimwa kiuno. Mtu anayejua viuno vya jimbo zima ana nguvu, na wagombea wote walilijua hilo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Redio iko wazi tangu asubuhi, betri zimeanza kulegea. Uko humo ndani kweli?"

"Nimo."

"Mbona namsikia kila mtu? Hata yule mwenye mafua nimemsikia anavyopenga kamasi. Wewe sikusikii."

"Nimeomba nafasi, shangazi. Spika hajaniona."

"Hajakuona miaka mitano? Urefu wote huo, baba?"

Shujaa akaitazama ndoo ya maji machafu.

"Unajua wanakuitaje huku?" shangazi akaendelea. "Mheshimiwa Pazia. Fundi viatu ndiye kaanza. Kasema pazia la ukumbi nalo limo bungeni tangu siku ya kwanza, halijakosa kikao, na halijachangia."

"Nimesikia jina hilo."

"Mimi nilicheka. Siwezi kukudanganya, nilicheka kwanza, halafu nikakasirika. Sasa sikiliza. Nilipowazungukia wanawake nyumba kwa nyumba, niliwaambia mpeni huyu, atasema paa la zahanati. Sikusema atalileta. Nilisema atalisema. Mpaka leo watu wanangojea daktari juani, watoto wamefunikwa kanga kichwani, na hilo neno lenyewe halijatamkwa. Bunge likivunjwa hujalitamka, njoo nyumbani, ule, ulale, wewe ni mtoto wangu. Lakini kura utaziomba kwa miguu yako mwenyewe. Mimi sitoki."

Cherehani ikanguruma, na simu ikakatwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kisa hiki, wasikilizaji wangu. Kuna wafalme waliopoteza miji kwa kukosa farasi na askari. Huyu alikuwa karibu kupoteza jimbo kwa kukosa mdomo wa mwanamke mmoja. Na zaidi ya jimbo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote: kwamba shangazi alikuwa amemwombea kwa watu neno moja tu, dogo kuliko yote yaliyoombwa katika uchaguzi ule, naye hata hilo hakuwa ameweza kulilipa.

Basi wakarudi ukumbini. Hoja iliyokuwa mbele yao ilikuwa hoja ya kuahirisha Bunge, ambayo kazi yake ni moja tu, wabunge kushukuriana. Oneni basi jinsi majeshi yale yalivyopambana kwa shukrani. Mmoja alisimama akamshukuru Spika. Wa pili akamshukuru Spika na makarani wake. Wa tatu, asikubali kushindwa, akamshukuru Spika, makarani, madereva, wapishi, na mafundi mitambo, akataka kuanza wauguzi wa zahanati ya Bunge, ambayo ina paa, kengele ikamkata. Akasimama mwingine kuomba mwongozo, kama ni sahihi mtu kushukuriwa mara mbili katika kikao kimoja. Spika, mzee mwenye joho zito na miwani iliyoteremka puani, akasema atalitolea uamuzi baadaye. Wote walitikisa vichwa kwa kuridhika, ingawa baadaye hiyo haikuwa imebaki nyingi.

Kulia kwa shujaa aliketi mbunge mwanamke, mwenye sauti kama kengele ya shule, aliyeitwa Mama Taarifa, kwa kuwa hakuna aliyepata kumaliza sentensi mbili katika ukumbi ule kabla yeye hajasimama na kunena, "Taarifa, Mheshimiwa Spika." Alikuwa amekwisha kusimama mara kadhaa mchana ule. Sasa alikuwa amekaa, anamenya pipi, na jicho lake likaangukia mkono wa jirani yake.

Kidole kilinyanyuka. Kikashuka, kikabonyeza, kikanyanyuka, kikabonyeza tena. Taa ikawaka, ikazimika.

"Kaka," alinong'ona Mama Taarifa, "nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza tu, dada."

"Kwa nini huwa unabonyeza mara mbili?"

Shujaa alishangaa kuulizwa. "Nabisha hodi."

"Unafanya nini?"

"Hodi haipigwi mara moja. Mara moja ni kama unadai."

Mama Taarifa akaacha pipi ikiwa nusu nje ya karatasi. "Kaka. Ukibonyeza mara ya kwanza unaingia kwenye foleni. Ukibonyeza mara ya pili unajitoa."

Shujaa akakitazama kitufe kwa muda, kama mtu anayemtazama rafiki wa zamani baada ya kuambiwa jambo juu yake.

"Tangu lini?"

"Tangu semina ya siku ya kwanza. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikaa nyuma, sikusikia vizuri. Niliona aibu kuuliza."

"Jamani."

"Na wewe ulijua, dada?"

"Nilijua unajitoa. Sikujua hujui." Mama Taarifa akashusha sauti, jambo ambalo walioketi mbele walikumbuka baadaye kama muujiza. "Nilidhani unanipisha. Maana ukitoka wewe, kiti kinachofuata ni changu. Miaka yote hii nawaambia watu nyumbani, pale bungeni kuna mwanamume mmoja tu mwenye adabu, na amekaa kushoto kwangu."

Nimelipima jambo hili pande zote, na sijaona wa kumlaumu. Yule alikuwa na adabu, huyu alikuwa na taarifa, na mashine ilitii ilichoambiwa. Kama kuna kosa, ni la ukumbi mzima, ambamo mtu anaweza kukaa kimya tangu Bunge kuzaliwa mpaka kufa na hakuna anayegeuka kumuuliza, mwenzetu, vipi, unaumwa?

Saa ya ukutani ilikuwa imeacha saa kumi na moja nyuma sana. Shujaa akavuta pumzi. Akakunja mkono wa koti. Akanyoosha kidole, akakishusha, akabonyeza mara moja.

Taa ikawaka.

Na hapo ndipo vita vikuu vilipoanza, kwa maana hakuna adui mkali kama mazoea ya mtu mwenyewe. Kidole kile, kilichobisha hodi mara mbili mbili kwa muda wote wa Bunge, na kabla ya Bunge katika milango ya wakwe na ya waajiri, kilitaka kurudi. Kikanyanyuka. Mkono wa kushoto ukatumwa kama askari wa doria, ukamkamata ndugu yake kwenye kifundo, wakavutana juu ya meza. Jasho likamtoka shujaa kwenye nyusi. Akaukalia mkono wa kulia. Mkono ukachezacheza chini yake kama kuku aliyefunikwa kwa tenga, lakini uzito wa mwakilishi wa wananchi ulikuwa juu yake, na haukutoka.

"Vumilia," Mama Taarifa akamwambia. "Usiiangalie taa. Angalia dari."

Akaangalia dari. Taa iliendelea kuwaka.

Lakini foleni ilikuwa na watu. Mbele yake alikuwepo mbunge mnene wa mstari wa pili, ambaye alishukuru kwa utulivu mkubwa na kwa mpangilio wa herufi za alfabeti. Na baada ya huyo alikuwepo Mama Taarifa mwenyewe. Mshale mrefu wa saa ulikuwa unapanda kuelekea juu kabisa, bila haraka.

Mama Taarifa akaitazama saa. Akaitazama taa yake.

"Nina mambo matatu ya kusema hapa," akasema. "Mawili ni ya maana."

"Sikuombi, dada. Ni zamu yako."

"Ndicho kinachoniudhi. Ungeniomba, ningekukatalia." Akatafuna pipi kwa hasira. Kisha, mbele ya macho ya shujaa, akanyoosha kidole chake chenye pete akabonyeza kitufe chake, na taa yake ikazimika. "Haya. Na usianze kunishukuru, muda huna."

Yule mnene akafika herufi ya mwisho akakaa. Spika akainamia kioo kidogo kilicho mbele yake, akasogeza miwani, akainama tena, akamwita karani, wakatazama wote wawili.

"Hapa naona kiti cha dirishani," Spika akanena. "Mheshimiwa, umeomba nafasi, au umeegemea kitufe?"

"Nimeomba, Mheshimiwa Spika."

Ukumbi mzima ukageuka. Waliosinzia wakaamshwa na waliokuwa macho. Mwandishi wa Kumbukumbu Rasmi, ambaye hakupata kuiandika sauti ile hata mara moja, alinyanyua kichwa kuona inatoka wapi. Na watu wakapiga makofi, wengine kwa dhihaka na wengine kwa furaha ya kweli, na makofi yakachukua muda, na muda huo ulikuwa wake.

Shujaa akasimama. Akaikunjua karatasi yake iliyokunjwa mara nne, ambayo kwenye mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Na sasa wasikilizaji wangu mtasikitika, lakini sina namna ya kuficha: adabu ile ile iliyomfunga mdomo ikamfungua kwa njia yake.

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru sana kwa kunipa nafasi hii. Kwanza kabisa nimshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia afya. Pili, nimshukuru jirani yangu wa kiti hiki cha kulia. Tatu, Mheshimiwa Spika, nimshukuru shangazi yangu, ambaye amenilea, na ambaye ninaamini ananisikiliza, kama betri..."

Koti lake likavutwa kwa nyuma kwa nguvu ya kung'oa mhogo.

"Paa," Mama Taarifa alinong'ona, jicho lake likiwa limekwisha kuisoma karatasi ile, na mnong'ono wake ukasikika mpaka mlangoni. "Paa, kaka. Paa."

Shujaa akaiweka karatasi chini. Akaishika meza kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Spika, paa la zahanati ya kwetu halipo, na watu..."

Kengele ikalia.

Ilikuwa saa kumi na mbili. Spika, ambaye kwa miaka mitano alikuwa amesema maneno yale yale kila jioni kengele ilipolia, na ulimi wake ulikuwa umeyajua kuliko jina lake, akanena kwa sauti nzito:

"Mheshimiwa, muda wetu umekwisha. Utamalizia kesho."

Karani akanyanyuka akamnong'oneza Spika sikioni. Spika akaitazama saa, akaitazama siwa, ambayo mbebaji alikuwa amekwisha kuishika. Hapakuwa na kesho. Bunge lilikuwa limekufa na neno kesho mdomoni. Kicheko kikaanzia mstari wa mbele kikaenda mpaka nyuma, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Na kwa kuwa Kumbukumbu husahihishwa na kikao kinachofuata, na kikao kinachofuata hakikuwepo, hapakuwa na mamlaka chini ya jua yenye uwezo wa kuyafuta. Serikali ilikuwa na majeshi na magereza, lakini haikuwa na kikao.

Wakashuka ngazi za nje wote pamoja, wakiwa tayari si waheshimiwa, wakitafuta madereva ambao ghafla hawakuwa na haraka ya kufungua milango. Simu ikamtetemekea shujaa mfukoni.

"Nimesikia," shangazi akasema.

"Sikumaliza, shangazi."

"Nimesikia hujamaliza. Ulisema paa la zahanati halipo, na watu. Halafu kengele. Halafu yule mzee akasema utamalizia kesho. Hapa watu wamenyamaza. Fundi viatu kasimama na kiatu mkononi, anauliza, na watu nini?"

"Bunge limevunjwa. Hiyo kesho haipo."

"Mimi sijali habari za Bunge. Mkubwa wa pale kasema mbele ya nchi nzima kwamba utamalizia. Sasa wakimpeleka mtu mwingine, atamaliziaje? Anajua hiyo sentensi ilikuwa inaelekea wapi?"

Shujaa akakaa kwenye ngazi. Watu walimpita kushoto na kulia.

"Shangazi, unatoka au hutoki?"

"Nimeshatoa kitambaa. Nakata kofia za kampeni. Ila mwanga umenikimbia, nimekata mbili tatu tu, nyingine mpaka kesho."

"Utaziandika nini?"

"Hajamaliza," akasema shangazi. "Sasa nenda kale. Na huyo mama uliyemshukuru, mpe salamu zangu. Mwambie kiuno chake nakikadiria kwa sauti, nitamshonea."

Andikeni basi, enyi mnaoandika habari za mataifa, na mlipe tukio hili ukurasa wake kati ya kurasa za kuzingirwa kwa miji na kutiwa saini kwa mikataba: kwamba katika Bunge lile, lililoishi umri wake wote kama Katiba ilivyolipimia wala halikukatwa hata saa moja, wengi walishuka ngazi jioni ile hotuba zao zote zikiwa zimekamilika, hawana tena la kurudia, na mmoja tu aliondoka akiwa na sentensi iliyobaki, mali yake halali, aliyokabidhiwa na Spika mwenyewe. Sijui kama alirudi. Uchaguzi ni jambo refu, na paa ni jambo refu zaidi. Ninachokijua ni kwamba shangazi alizima redio kuokoa betri, akaichora kofia nyingine kwa chaki juu ya kitambaa, akaitazama kwenye mwanga uliobaki, akaona mstari umekwenda upande. Akauacha mkasi papo hapo, ukiwa mdomo wazi, akaenda kulala.